Tazama Mgongo wa Ua

Harufu yenyewe si nzuri, nikuambie mapema usije ukategemea asumini. Ni harufu ya jani bichi lililopondwa, nzito, yenye kunasa kooni. Mwenye adabu atasema inafanana na karanga zilizoungua. Asiye na adabu atasema soksi. Wiki mbili zilizopita watoto wa darasa la tano walikuwa wakifyeka nyasi nyuma ya ukuta wa shule, hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, na mimi mwalimu wao nilikuwa ndani nikisahihisha madaftari. Upepo ukaileta ile harufu dirishani. Nikaangusha kalamu, nikatoka mbio huku nikipiga kelele: "Acheni! Upande ule msikate!" Wakanitazama kama mtu aliyepandwa na mashetani. Sikuwaeleza kitu siku ile. Ngoja nikueleze wewe.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa mjamzito, na tumbo lake lilikuwa kubwa kiasi kwamba wanawake wa bombani walimpisha kwenye foleni bila kuombwa, na aliyewahi kuchota maji Dzaleka anajua kwamba hilo si jambo dogo. Alipoambiwa kliniki kuwa ni wawili, alipelekwa Lilongwe, kwenye hospitali ya Likuni, akajifungulie huko. Siku moja tukapata habari kwa simu ya jirani: wavulana wawili, wazima, ila wa pili ni mwepesi, watakaa kidogo mpaka aongeze uzito. Papa alipiga magoti palepale uani akashukuru. Alikuwa shemasi wa kanisa letu, mtu wa maneno machache, na kola yake ilipigwa pasi hata siku ya kufyatua matofali.

Bibi, mama yake Papa, hakupiga magoti. Aliketi mlangoni juu ya mkeka wake, kama kila siku. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Alichoona ni mwanga na kivuli tu. Alisikiliza habari mpaka mwisho, akanyoosha miguu, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi:

"Mapacha habataingia mu hii nyumba bila umwishwa. Nadine, enda uniletee umwishwa."

Sasa elewa shida yangu. Wazee wetu walitoka Burundi, lakini mimi nilikulia kambini, na Kirundi changu kilikuwa cha kusalimia na cha kugombezwa. Mengine yote yalikuwa Kiswahili. Umwishwa nililijua moja tu, nalo ni mtoto wa dada. Ndivyo Papa alivyomwita Ange, binti wa dada yake, Tantine Ciza, aliyekaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Basi nikakimbia. Ange alikuwa na miaka mitano na mdomo umejaa andazi. Nikamvuta mkono njia nzima, nikamsimamisha mbele ya mkeka.

"Bibi, njo huyu."

Bibi akanyoosha vidole akitazamia jani, akakuta shavu lenye mafuta. Alipapasa pua, akapapasa andazi, kisha akaanza kucheka mpaka kilemba kikamtoka.

"We Nadine! Nimekutuma majani, unaniletea mutu!"

Kumbe neno ni lile lile. Umwishwa ni mtoto wa dada, na umwishwa pia ni mmea wa porini unaotambaa. Huenda wenye lugha yao wanasikia sauti inavyopanda na kushuka wakatofautisha, lakini mimi sikusikia kitu. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, na mimi sikuuliza. Kwa siku nyingi watoto wa mtaani kwetu walikuwa wakiniuliza kama binamu zangu wameshachanua.

Papa hakucheka. Alisimama mlangoni akasema, "Mama, hayo tuliyaacha. Sisi ni watu wa Mungu."

"Umwishwa, ni nani aliuotesha?" Bibi akajibu. "Ni weye?"

Papa akaingia ndani. Hapo Bibi akanivuta karibu, akaniambia desturi ya kwao: mama na baba wa mapacha huvikwa taji la umwishwa siku watoto wanapopokelewa nyumbani. Nikamuuliza, na ukikosekana je?

"Ukikosekana, bataingia tu. Mulango uko wazi. Lakini mi sitabapokea." Akaiweka mikono yake miwili mapajani, viganja chini. "Hii mikono itabaki hapa."

Nilishtuka kuliko kama angetishia radi. Mikono ile ndiyo iliyonipokea mimi. Ilimpokea Ange, ikapokea nusu ya watoto wa mtaa wetu, na Bibi hakuwahi kusema jambo akalirudisha. Niliwaona akilini wadogo zangu ambao nilikuwa sijawaona bado, wakipitishwa mlangoni, na Bibi amekaa tu. Nikasema moyoni: haitakuwa. Nitauleta huo umwishwa hata kama umeota kitandani kwa rais.

Bibi alipotambua nimekaza, naye akakaza. "Macho yangu yamekufa," alisema. "Macho ni weye. Mi nitauliza, weye utajibu." Ulikuwa msimu wa mvua, mahindi yamepita urefu wa mtu, na kila ua wa mabua na kila ukuta uliobomoka ulikuwa umevishwa kitu kinachotambaa.

Siku ya kwanza nilileta mmea wenye maua ya zambarau kama tarumbeta, niliouona kwenye njia ya mashambani. Ulikuwa mzuri, nami nikajisifu. Bibi akaupitisha vidoleni mara moja tu.

"Mikono yake iko wapi?"

"Mikono gani, Bibi?"

Akanieleza kwamba mimea inayopanda haipandi namna moja. Mingine hujisokota yenyewe, shina zima, kwenye mti wa watu. Mingine ina vikono, nyuzi nyembamba zinazotoka ubavuni, zinashika kwanza kisha zinajikunja. Umwishwa una vikono. Huu wangu haukuwa nao, basi ukatupiwa mbuzi wa jirani, naye akaula bila kuuliza jina.

Siku ya pili nilileta wenye vikono. Nilijua nimeshinda. "Tunda lake?" Bibi akauliza. Nikamwambia ni jekundu, laini kama yai. "Ponda jani. Nusa." Nikaponda, nikanusa. "Inanuka majani tu." Akatikisa kichwa. Tunda la umwishwa lina miiba isiyochoma, akasema, na jani lake likipondwa hutahitaji kuulizwa unasikia nini. Siku ya tatu nilileta wenye jani lililochanika mpaka ndani, mfano wa kiganja. Huo aliushika muda mrefu zaidi. "Huyu ni ndugu yake," alisema. "Lakini ndugu ya mutu si yeye mwenyewe."

Nilianza kuchora. Nyuma ya daftari langu la hesabu nilichora kikono kinavyojikunja, jani zima lenye umbo la moyo na meno madogo pembeni, ua la rangi ya maziwa lenye kitovu cha rangi ya chungwa, tunda la chungwa lenye miiba. Mwalimu wangu alipolifungua daftari alinichapa viboko viwili, kimoja cha kuchora na kimoja, nadhani, cha kuchora vibaya. Sikuacha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama Dzaleka nzima: nyuma ya vyoo, kando ya makaburi, chini ya madaraja ya miti. Mama mmoja Mkongo, kutoka Kindu, alinikuta ndani ya ua wake nikinusa majani. Akauliza kwa upole kama nyumbani tunakula kweli.

Nikauona nyuma ya ukuta wa shule yangu mwenyewe, mahali nilipokuwa nikipita kila siku. Ulikuwa umepanda matofali yote mpaka juu. Vikono, vipo. Jani la moyo, lipo. Maua ya maziwa, kitovu cha chungwa, yapo. Nikaponda jani, na lo! Nilirudi nyuma hatua mbili. Sijawahi kufurahia uvundo kama siku ile. Nikachana kipande kirefu, nikakimbia nacho nyumbani, nikakiweka mapajani kwa Bibi.

Alikigusa polepole. Akaponda jani, akaleta vidole puani, akayafumba yale macho yasiyoona. Mimi nilishaanza kutabasamu.

"Tunda?"

"Hakuna, Bibi. Iko na maua tu."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Tazama mugongo ya ua," alisema.

Nikageuza ua. Akanieleza kwamba umwishwa dume una shina lake na umwishwa jike una shina lake, hawakai pamoja. Ukitaka kuwajua, usitazame uso wa ua, kwa kuwa nyuso zao zinafanana. Geuza. Ua la jike lina mimba mgongoni, kitumba kidogo chenye manyoya, hata kabla halijazaa. Dume lina shingo tupu. Niligeuza ua moja baada ya jingine mpaka vidole vikawa vya kijani. Shingo tupu, shingo tupu, shingo tupu.

"Njo umwishwa," Bibi akasema, "lakini ni dume, tena iko peke yake. Mama ya mapacha havikwi kitu chenye hakijazaa."

Nililia kwa hasira, nakwambia kweli. Nikamwambia ni umwishwa huo huo, harufu hiyo hiyo, nani atageuza maua siku hiyo? Bibi akasubiri nimalize. "Mi nitageuza," akasema. Kesho yake nikaanza upya, lakini safari hii nilikuwa nikigeuza kila ua. Sikupata jike. Ijumaa jioni habari ikaja kwamba Mama ameruhusiwa, na Papa akaniambia nijiandae kesho twende naye nikabebe furushi.

Lilongwe tuliingilia mtaa wa Kawale, kwa sababu Papa alitaka kununua blanketi la mtumba kabla ya kufika Likuni. Tulilipata. Tukakata njia nyuma ya mabanda ya soko, pale penye mtaro mpana wa maji machafu na bustani za miwa, Papa mbele, mimi nyuma na blanketi kichwani. Ng'ambo ya mtaro palikuwa na ua wa matete ulioinama, na juu ya yale matete nikaona rangi ya chungwa.

Nilisimama. Matunda yalikuwa mengi, yenye miiba, na moja lilikuwa limepasuka sehemu tatu likaonyesha wekundu wa ndani. Sikuhitaji kuponda jani. Ua moja lilikuwa limeinamia upande wangu, na mgongoni mwake niliuona ujauzito wake wazi kabisa.

"Papa, ngoja. Njo ule."

Aligeuka, akatazama, akatazama mbele tena. "Nadine, twende. Mama yako anatungojea."

"Apana, Papa."

Sikuwahi kumwambia Papa apana. Hata sauti yangu ilinishangaza. Kwa kuwa sikujua mtu hufanya nini baada ya kusema hivyo, nilikaa chini, kwenye tope, na gauni langu la kanisani. Mama mmoja aliyekuwa akiuza nyanya akapiga makofi akasema kwa Kichewa, "Koma mwana wouma mutu uyu!" Yaani huyu mtoto ana kichwa kigumu, na alikuwa sahihi.

"Bibi hatabashika," nikamwambia Papa.

"Atabashika."

"Alisema hatabashika. Bibi hasemagi bongo, hadanganyagi."

Papa aliyatazama yale matete ng'ambo. Kisha akavua viatu, akaingiza soksi ndani ya viatu, akakunja suruali yake ya pasi mpaka magotini, akashuka mtaroni. Alivuka, akachuma jani, akaliponda. Alipolinusa alibaki na mkono usoni, amenipa mgongo. Nilidhani harufu imemshinda.

Halafu akaanza kukata, na hakukata ovyo. Alishika kila tawi, akageuza ua, akatazama mgongo wake, ndipo akakata. Sikuwa nimemwambia habari ya mgongo wa ua. Niliona, nikashangaa kidogo, kisha nikasahau, kwa kuwa nilikuwa mtoto na nilikuwa nimeshinda.

Likuni tulimkuta Mama amekaa nje kwenye baraza ya wodi, amechoka na anacheka, mtoto kila mkono. Walikuwa wadogo, wekundu, wenye hasira. Tulirudi kwa matola, nyuma ya pikapu ya mtu aliyekuwa akienda kuchukua mahindi Madisi. Umwishwa niliufunga ndani ya kitenge kibichi. Dereva aliposimama kupakia abiria mwingine, alichungulia nyuma akatushauri tuwabadilishe watoto nepi.

Bibi alikuwa mlangoni, amevaa kitenge chake kipya. Tantine Ciza alikuwepo na Ange, na majirani wachache. Mama akasimama uani, hakuingia. Nikaweka kitenge kibichi mapajani kwa Bibi, nikafungua, nikarudi nyuma. Akaanza: vikono, jani, meno ya jani. Akageuza ua, kidole gumba kikakaa juu ya kile kitumba. Akagusa tunda. Mwisho akanusa.

"Nani amekata?"

"Papa."

Tantine Ciza akatazama chini. Kisha Bibi akaniambia nikae karibu nimsaidie kusokota mataji, matatu.

"Matatu? Mama na Papa ni bawili, Bibi."

"Weye njo utanifundisha hesabu? Matatu."

Tukasokota matatu. La kwanza alimvika Mama. La pili alimvika Papa, na Papa, shemasi, aliyesema hayo tuliyaacha, alipiga magoti mbele ya mkeka na kuinamisha kichwa ili mama yake akifikie. La tatu Bibi alibaki nalo mkononi. Hakumpa mtu. Alilizungusha vidoleni, nami nikafikiri anakagua mafundo. Papa akalichukua kutoka mkononi mwake, taratibu, akamvika Bibi mwenyewe juu ya kilemba.

Ndipo mikono ile ikanyanyuka.

"Bukuru," Bibi akaita. Mama akamweka wa kwanza mkononi.

"Butoyi." Mama akamweka wa pili.

Hapo mimi nikaropoka, kwa sauti ya kusikika mpaka bombani: "Heeh! Bamemwibia Papa jina!" Kwa sababu Papa aliitwa Butoyi. Kambi nzima ilimjua hivyo, shemasi Butoyi. Nilitegemea kicheko, kama siku ya Ange. Hakucheka mtu. Tantine Ciza alinishika sikio, akanipeleka jikoni kukoroga nsima, ugali wa huku.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshaanza kufundisha, siku Tantine huyo huyo aliponimalizia hadithi. Tulikuwa tukichambua maharage kwake. Sikumbuki tulianzia wapi, ila nilisema kwa mzaha jinsi yule mdogo wangu alivyoiba jina la Papa, naye akaacha kuchambua.

"We Nadine, na ile masomo yote hujajuaka? Kwetu pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili njo Butoyi. Na mwenye anazaliwa nyuma ya mapacha anaitwa Ciza. Jina yangu ulifikiri ilitoka wapi?"

Papa na pacha mwenzake Bibi aliwazaa njiani, katika vita ya kwanza ya Burundi, walipokuwa wakikimbilia Tanzania. Walizaliwa kwenye majani ya bwawa, bila nyumba na bila mlango wa kupitia. Aliomba umwishwa. Mume wake alitafuta kando ya maji, akaona dume tu, akarudi mikono mitupu, na Bibi hakuvikwa taji. Bibi alitembea siku nne akiwa na watoto wawili, na siku ya tano akatembea na mmoja. Aliyebaki hai alikuwa Butoyi. Alipokua, mama yake alimfundisha kugeuza maua, na alijua kwa nini anafundishwa.

Niliyashika yale maharage nisijue niyaweke wapi. Nilikuwa nimegeuza kila ua la Dzaleka kutazama mgongo wake, nisigeuze jina la baba yangu mzazi. Majina yote yalikuwa mbele yangu, nayaita kutwa, Tantine Ciza, shemasi Butoyi. Kila aliyemwita Papa, awe wa kanisani, awe wa bombani, alikuwa akimtaja na yule mwingine. Ndiyo maana alisema hayo tuliyaacha. Nilidhani anaogopa dhambi. Iliniuma sana kugundua kwamba alikuwa anaogopa harufu.

Bibi hayupo tena. Lakini wiki ile ya mataji alinipa tunda lililopasuka, akanifungia mkono juu yake, akasema, "Upelekee yule dume mwenzake." Nilizika mbegu chini ya ukuta wa shule. Nyingi hazikuota. Msimu uliofuata mmoja ulichanua, nikageuza ua, nikakimbia nyumbani kumwambia, na alishika tunda la kwanza kwa mikono yake. Ndio huo watoto wangu walitaka kuufyeka.

Kesho yake baada ya siku ile ya kufyeka niliwapanga darasa la tano mbele ya ukuta. Nikawaonyesha vikono, nikawapondesha jani, wakapiga kelele na kuziba pua. Nikawaambia jina. Msichana mmoja Mrundi akacheka mpaka akaegemea mwenzake: "Mwalimu, umwishwa ni mtoto wa dada!" Nikamwambia ni kweli, na sasa ageuze ua.

Kisha nikawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja akaulize jina lake limetoka wapi, aandike. Madaftari yalirudi Jumatatu. Nimekuwa nikiyasahihisha polepole sana.